Amplifaya ya Gari Inachemka? Vidokezo 8 Kabla Hujanunua Nyingine

Saa nane mchana, foleni haisogei, muziki umekolea. Ghafla kimya. Dakika kumi baadaye sauti inarudi yenyewe. Hapo amplifaya ilijizima isiungue. Wengi hukimbilia kununua nyingine, nayo ikachemka vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya boksi. Mara nyingi uko kwenye nyaya, spika au mahali ilipofungwa. Anza na haya.

1. Tofautisha vuguvugu na moto. Amplifaya za daraja AB hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Za daraja D hupoteza kidogo sana. Mapezi ya alumini yakipata vuguvugu, yanafanya kazi yake. Tia shaka pale bodi isiposhikika, plastiki inaponuka, au sauti inapokatika.

2. Chunguza inachemka lini. Baada ya saa nzima ya sauti kubwa? Shuku hewa au mzigo wa spika. Ndani ya dakika chache na sauti iko chini? Shuku shoti. Gari limezimwa tangu jana na amplifaya bado ina joto? Haizimiki. Pima ule waya mwembamba unaotoka kwenye redio kuiamsha: ukiwa na volti 12 wakati redio imezimwa, ndio unaomaliza betri yako usiku.

3. Ipe hewa. Kwenye mifumo ya kiwandani kama Bose, Harman Kardon au Mark Levinson, amplifaya mara nyingi hufichwa chini ya kiti, pembeni mwa buti au nyuma ya plastiki. Ondoa kapeti, mizigo na vumbi linaloiziba. Kama ina feni, hakikisha inazunguka. Angalia pia kutu ya kijani kwenye plagi. Maji yakishaingia, hiyo ndiyo alama yanayoiacha.

4. Pima volti muziki ukiwa juu. Injini ikiwaka, betri ya magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Sasa pima kwenye amplifaya yenyewe. Ikipungukiwa zaidi ya nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea. Baadhi ya amplifaya hufidia upungufu huo kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, na joto linapanda.

5. Usiisahau ethi. Huu ni waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Uwe mfupi, unene wake ulingane na ule wa chanya, na rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Weka mita ya umeme kati ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri huku besi inapiga: ikizidi sehemu chache za kumi ya volti, fungua, safisha, kaza upya.

6. Pima spika moja moja. Chomoa nyaya zake kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu. Spika ya omu 4 husoma kama 3 hadi 4. Sifuri ni shoti. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Pima pia kila waya dhidi ya bodi ya gari: wowote unaogusa chuma ni adui. Baadhi ya spika za mifumo ya kiwandani zina omu 2 au pungufu, kwa hiyo namba ndogo isikutishe. Linganisha ya kushoto na ya kulia. Na kama uliongeza sabufa kwenye laini ya kiwandani, hapo ndipo pa kuanzia. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya iliyotengenezwa kwa 4 inabebeshwa mzigo maradufu.

7. Shusha geini. Kitufe hicho hulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Hakikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti. Kikizidishwa, muziki unakwaruza, amplifaya inachemka na koili za spika zinaungua. Kishushe mpaka mkwaruzo uishe, na besi ya ziada uizime kabisa.

8. Maliza kwa jaribio la kukata shauri. Zima gari, chomoa spika zote, kisha iwashe amplifaya peke yake kwa dakika ishirini. Ikibaki baridi, rudisha spika moja moja, ukizima kila mara. Ile itakayoleta moto ndiyo mkosaji. Ikichemka bila spika hata moja, basi tatizo liko ndani, mara nyingi kwenye transista, na hapo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Fyuzi ikikatika njiani, usiweke kubwa zaidi: fyuzi ya ampea 30 inalinda waya uliopo, na ukiweka 60 utakaoungua ni waya, pengine na gari zima. Namba zote ulizopima ziandike, uende nazo kwa fundi. Atajua pa kuanzia, nawe hutauziwa amplifaya kwa kosa la skrubu iliyolegea.