Jarida Hili Linarejelewa Kiasi Gani?

Tuchukue International Organization, jarida la uhusiano wa kimataifa linalotoka tangu 1947. Kwa hesabu hii, jedwali la Excel linatosha.

Hatua ya 1. Chagua mwaka wa kuhesabia, tuseme 2023. Kipimo kinachotumika zaidi, kilichotokana na wazo la Eugene Garfield la 1955, hutazama miaka miwili iliyotangulia: 2021 na 2022.

Hatua ya 2. Orodhesha makala za utafiti na za mapitio zilizotoka miaka hiyo. Tahariri ziache. Kuna kichekesho hapa: katika kipimo rasmi, anayerejelea tahariri huongeza marejeo yanayogawanywa, ilhali tahariri yenyewe haihesabiwi kati ya makala zinazogawanya. Jarida lenye tahariri za uchokozi hujipatia alama za bure.

Hatua ya 3. Hesabu ni mara ngapi kila makala ilirejelewa ndani ya 2023. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na rasimu. Hifadhidata za Web of Science na Scopus huchuja. Shika chanzo kimoja hadi mwisho.

Hatua ya 4. Gawanya. Marejeo 320 kwa makala 80, kwa mfano, ni 4. Usikimbilie kushangilia. Zipange makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha tazama iliyo katikati. Mara nyingi ina marejeo pungufu ya wastani huo, kwa sababu makala chache zimebeba mzigo wa nyingine zote.

Hatua ya 5, ambayo wengi huiruka: panua kipindi. Alexander Wendt aliandika katika International Organization kuhusu ukosefu wa mamlaka kuu juu ya dola mwaka 1992, James Fearon kuhusu sababu za vita mwaka 1995, Finnemore na Sikkink kuhusu kanuni za kimataifa mwaka 1998. Wanafunzi wanazirejelea makala hizo hadi leo, lakini kwa dirisha la miaka miwili haziongezi hata nukta. Fani hii huiva polepole, kwa hiyo mimi huamini zaidi hesabu ya miaka mitano. Ukitaka njia ya mkato, tazama h5 ya Google Scholar: h5 ya 40 maana yake makala 40 za miaka mitano zimerejelewa angalau mara 40 kila moja.

Hatua ya 6. Ondoa marejeo ambayo jarida limejirejelea lenyewe, upige hesabu upya. Namba ikiporomoka, pitia kurasa zake za marejeo kabla hujalipelekea makala yako.