Uza Kamera, Usiuze Sura: Somo la Kupunguza Zana za Picha Kubwa

Wanafunzi wenzangu, likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Nyambureti, wilayani Serengeti, nikitegemea kulala na kula viazi. Siku ya tatu nikaitwa kwenye kikao cha ukoo. Macho ya baba mkubwa yameingia mtoto wa jicho, hela ya matibabu inatakiwa, na chumba chake cha nyuma kimejaa kamera ambazo hakuna anayezitumia. Wazee wakanigeukia mimi: "Wewe ndiye msomi, zipunguze."

Baba mkubwa alikuwa mpiga picha wa studio mjini Musoma, halafu akarudi kijijini na zana zake. Kila studio iliyofungwa, yeye alinunua kitu. Nilipohesabu nilikuta kamera nne, lenzi saba, makasha ya filamu ishirini na tatu, stendi tatu za miguu mitatu, mashine moja ya kukuzia picha, chupa za dawa, na masanduku sita ya mabamba ya kioo. Mnunuzi naye alikuwa ameshakuja, jamaa anayepamba kambi za watalii. Alitaka vyote kwa bei moja, pamoja na mabamba. Mabamba, alisema, atayatengenezea vivuli vya taa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii kuliko wakati wa mitihani. Nimeandika somo hili kwa sababu wengi wetu tutaitwa hivyo siku moja. Kama si kamera, basi vyerehani, redio au vitabu vya marehemu babu.

Kwanza, tunazungumzia kitu gani?

Kamera ya picha kubwa haitumii filamu ya mkanda. Kila picha ni bamba moja la kioo au karatasi moja ya filamu, nayo inawekwa kwenye kasha lake gizani. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu ambacho mpiga picha anakitazama akiwa amejifunika kitambaa cheusi, na katikati kuna mvukuto unaokunjuka kama kinanda cha mkononi.

Ukubwa ndiyo siri yenyewe. Picha moja ya mkanda wa kawaida ina milimita 24 kwa 36. Karatasi ya inchi 4 kwa 5 ina eneo kama mara 15 ya hiyo, na ile ya inchi 8 kwa 10 ni mara nne ya hiyo ya pili. Ndiyo maana kwenye picha za zamani unaweza kuhesabu shanga shingoni mwa mtu. Lakini ukubwa una gharama zake: kamera ya inchi 8 kwa 10 haikubali kasha la inchi 4 kwa 5 bila kifaa cha kuunganishia, na lenzi ya moja inaweza isifae kwa nyingine. Kila saizi ni familia yake.

Hatua ya kwanza: panga kwa minyororo, si kwa aina

Mimi nilianza vibaya. Nilitenga lenzi huku, kamera kule, makasha pale. Ilipendeza kwa macho, lakini haikuniambia chochote. Tena niliona vibao vidogo vya mbao vyenye tundu katikati, nikadhani ni takataka, nikavirusha kwenye kuni. Baba mkubwa aliposikia mlio wa vibao alishtuka: "Mwanangu, hivyo ndivyo vinavyoshika lenzi kwenye kamera!" Mama mkubwa alikuwa ameshakishika kimoja, jiko linawaka. Lenzi isiyo na kibao chake ni kama chaji ya simu isiyoingia kwenye simu yako.

Kwa hiyo panga upya. Weka kamera chini, kisha zunguka ukiuliza: kibao chake kiko wapi? Lenzi yake? Makasha yake? Filamu ya saizi hiyo inapatikana? Mashine ya kukuzia inaipokea? Mnyororo uliokamilika ni zana. Uliokatika pingili moja una tumaini. Uliokatika pingili tatu ni mbao na shaba.

Kwetu matokeo yalikuwa hivi. Kamera ya kwanza ni ya mbao, ya Thornton-Pickard, kampuni ya Uingereza iliyokuwa Altrincham. Ni ya nusu bamba, yaani inchi 4¾ kwa 6½, na mnyororo wake ni mzima isipokuwa filamu. Ya pili ni ya mbao pia, saizi hiyohiyo, lakini mvukuto umeliwa na mende na mgongo haupo. Ya tatu ni ya chuma, inchi 4 kwa 5, kila kitu kipo. Ya nne ni dude la inchi 8 kwa 10 lililotoka kwenye kiwanda cha uchapaji. Lina lenzi nzito, ila halina kasha hata moja.

Hatua ya pili: uliza kazi, usiulize mapenzi

Ukimuuliza mzee "unapenda ipi?" atapenda zote. Nilijaribu, nikapoteza mchana mzima nikisikiliza historia. Kesho yake nikabadilisha swali: "Baba mkubwa, macho yakipona, utapiga picha gani?"

Alikaa kimya, kisha akasema: "Wazee, wakiwa wamekaa mbele ya nyumba zao. Basi."

Jibu hilo lilikata nusu ya orodha. Picha za watu, nje, mashine ya kukuzia inayoishia inchi 4 kwa 5. Filamu ya saizi hiyo bado inatengenezwa. Ilford wanaiuza kila siku, wakati saizi za kizamani kama nusu bamba wanazikata kwa oda maalumu mara moja kwa mwaka. Mtu wa Nyambureti kusubiri oda ya mwaka kutoka Uingereza, hapo sasa umeamua kutopiga picha. Kamera ya chuma ikabaki.

Hatua ya tatu: pima kabla ya kuamua

Vipimo vitatu havihitaji fundi.

*Mvukuto.* Subiri usiku, ingiza tochi ndani ya kamera, zima taa, tazama kwa nje. Kila nyota unayoiona ni tundu. Tundu moja kwenye kona linazibika. Ukiona anga zima la Serengeti, uza kama pambo.

*Shata.* Weka simu karibu irekodi sauti, kisha fyatua shata kwenye sekunde moja. Fungua rekodi hiyo kwenye programu ya sauti, pima umbali kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Njia hii ni nzuri kwa kasi za polepole. Moja ya shata zetu ilidai sekunde moja ikatoa karibu mbili, mafuta yameganda. Hiyo si mbovu, inahitaji kusafishwa.

*Lenzi.* Imulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Duara linalong'aa pembeni kama mafuta juu ya maji maana yake gundi kati ya vioo inaachia. Mikwaruzo midogo ya mbele isikutishe sana. Mara nyingi haionekani kwenye picha.

Kuna kipimo cha nne, na hiki ndicho kilichomuumiza baba mkubwa. Lenzi aliyoipenda kuliko zote ni ya milimita 300. Alitaka ihamie kwenye kamera ya chuma. Nikachukua fomula ya lenzi tuliyosoma sekondari: moja gawanya kwa f ni sawa na moja gawanya kwa u, ongeza moja gawanya kwa v. Mtu akikaa mita 2 mbele ya lenzi hiyo, mvukuto lazima ufikie kama sentimita 35. Wa kamera yetu unaishia 30. Haifiki. Lenzi ya milimita 210 kwa umbali huohuo inahitaji kama sentimita 23 na nusu, na ile ya 150 inahitaji 16 na ushee. Hizo mbili zikabaki. Mzee alipapasa ile ya 300 kwa vidole, akasema, "Basi iende kwa mwenye mkono mrefu."

Hatua ya nne: mjue unayemuuzia

Yule mpambaji alitaka vyote kwa sababu sisi tulikuwa tumevichanganya. Nilipomchunguza niligundua hahitaji lenzi nzuri hata moja. Anachonunua ni mbao, shaba na sura ya uzee. Mpiga picha naye anayetafuta lenzi hajali kama mbao ina mende. Ni wateja wawili tofauti, na ukiwauzia kifurushi kimoja utapunjwa na wote.

Mpambaji akapewa ile ya mbao isiyo na mgongo, dude la uchapaji bila lenzi yake, na stendi mbili. Alilalamika, lakini alilipa, maana kwa kambi yake hizo zinatosha. Lenzi tano tuliziorodhesha moja moja: urefu, tundu kubwa, hali ya kioo, kasi ya shata tuliyoipima, na kasoro zote. Kasoro iandike kabla mnunuzi hajaiona. Kifurushi kikirudishwa, nauli inakuumiza wewe. Ile Thornton-Pickard nzima tuliiuza pamoja na makasha na vibao vyake, kwa sababu mnyororo kamili una bei ambayo pingili zilizotawanyika hazina.

Dawa za zamani je? Usimwage kisimani wala mtoni. Dawa ya kugandisha picha iliyokwisha kutumika ina fedha iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu, nayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Ziweke kwenye chupa zilizofungwa na kuandikwa majina, uulize maabara ya kemia ya chuo jinsi ya kuziondoa.

Hatua ya tano: mabamba si zana

Nilikuwa nimeyaandika kwenye orodha kama kitu namba sita. Nilikosea. Kamera ni ya baba mkubwa, anaweza kuiuza. Sura iliyo kwenye bamba ni ya mtu aliyekaa mbele yake.

Fikiria Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Watu wanaoingia pale wanavutwa na picha za Zanzibar zilizotoka kwenye negativu za baba na mwana. Au fikiria Walther Dobbertin, Mjerumani aliyepiga picha nchini mwetu wakati wa ukoloni wa Wajerumani. Anayetaka kuona Dar es Salaam ya wakati ule hatafuti kamera yake. Anatafuta picha zake, nazo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani. Za Nyambureti ziko kwenye masanduku sita chini ya kitanda, na nusura ziwe vivuli vya taa.

Kuyatunza hakuhitaji utajiri. Lishike bamba kwa kingo. Lisimamishe kwa upande wake mrefu, usilirundike kama sahani, kwa sababu la chini litavunjika. Lifunge kwenye karatasi safi isiyo na wino. Filamu inayonuka siki imeanza kuoza, itenge na nyingine. Kisha piga nakala: washa tableti ionyeshe ukurasa mweupe, inua bamba kidogo juu yake ili vidoti vya skrini visionekane, piga kwa simu iliyonyooka sawasawa, halafu geuza rangi kwenye programu.

Bamba la kumi na moja nililogeuza lilitoa mwanamke kijana ameshika mtoto. Nilimpelekea bibi jirani simu. Alitazama muda mrefu, akaniuliza kama naweza kumtolea kwenye karatasi, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa mdogo na hajawahi kuwa na picha yake. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia vivuli vya taa kwenye kikao.

Chumba cha nyuma sasa kina kamera moja, lenzi mbili, makasha manane, stendi moja, mashine ya kukuzia na masanduku sita. Hela ya jicho la kwanza imepatikana; la pili tunasubiri lenzi mbili zilizobaki ziuzike.

Zoezi

1. Chagua rundo moja la vitu nyumbani kwenu. Lipange kwa minyororo. Ni pingili gani zinakosekana?
2. Muulize mwenye vitu kazi anayotaka kufanya, si kitu anachokipenda. Andika jibu lake kwa maneno yake.
3. Katika rundo hilo, ni kipi ambacho mwenye nacho hana haki ya kukiuza peke yake? Nani mwingine anapaswa kuulizwa?