Mbegu za Viungo na Nchi Zilikoota

Jioni ya Jumamosi, mtu apitaye kati ya nyumba za Kaloleni, Bahati au Jericho, hapa Nairobi, hana haja ya kuuliza ni nyumba gani inayopikwa pilau. Pua yake itamwongoza mpaka mlangoni. Lakini mara nyingine mpishi yule yule, kwa sufuria ile ile na kipimo kile kile cha viungo, hupika pilau isiyonukia. Hapo lawama zote humwangukia mwenye duka. "Ametuuzia dania ya mwaka juzi," asema mmoja. "Ameichanganya na takataka," ajibu jirani yake.

Yamkini lawama hiyo ni ya haki, maana wauzaji wasio waaminifu wapo. Lakini yamkini pia mwenye duka hana kosa lo lote: mbegu alizouza ni safi na mpya, ila zimetoka katika nchi nyingine. Jambo hili halijulikani na wengi, nalo linagusa mfuko wa kila mama apikaye nyumbani, na wa kila mtu apataye riziki yake kwa kuuza chakula kando ya Barabara ya Jogoo. Basi na tujifunze habari zake.

HARUFU HUTOKA WAPI?

Harufu ya kiungo ni mafuta. Siyo mafuta kama yale ya nazi au ya ufuta, ambayo yakidondoka juu ya karatasi huacha doa la kudumu. Mafuta haya ni mepesi, nayo huruka hewani kama mvuke. Ndiyo sababu pua huyapata kabla ulimi haujaonja. Katika punje ya dania, ambayo watu wa Pwani huiita giligilani, mafuta hayo hukaa ndani ya vijifereji vyembamba mno. Punje ikiwa nzima, mafuta yamefungiwa humo. Ikisagwa, mlango umefunguliwa.

Wingi wa mafuta hayo, na namna ya harufu yake, hutegemea mambo kadha wa kadha: ukoo wa mbegu, joto na mvua ya mahali, mwinuko wa nchi, udongo, na siku ya kuvuna.

DANIA KUBWA NA DANIA NDOGO

Ziko namna mbili kuu za dania. Ya kwanza ina punje kubwa, zenye upana wa milimita 3 hadi 5, nayo hulimwa zaidi katika nchi za joto kama India na Morocco. Ya pili ina punje ndogo, zenye upana wa milimita 1.5 hadi 3, nayo hulimwa katika nchi za baridi kama Urusi na Ukraine.

Mtu asiyejua, akiwekewa mafungu mawili juu ya meza, atachagua punje kubwa, akidhani amepata faida. Lakini kilo moja ya dania kubwa kwa kawaida huwa na gramu 1 hadi 4 tu za mafuta, na kilo moja ya dania ndogo huweza kutoa gramu 4 hadi 18. Kwa hiyo viwanda vinavyotoa mafuta ya dania kwa mvuke hupenda zile ndogo.

Hii si kusema kwamba dania kubwa haifai. Harufu yake ni ya upole, na wapishi wa India wameitumia tangu kale, wakiisaga kwa wingi ili mchuzi wao uwe mzito. Kosa ni kudhani kwamba kijiko cha hii ni sawa na kijiko cha ile.

Je, tofauti hii imetoka wapi? Sababu ya kwanza ni ukoo. Kwa vizazi vingi wakulima wa kila nchi walichagua mbegu zilizostawi kwao. Mbegu ya India ikipandwa Urusi haitabadili asili yake kwa msimu mmoja, kama vile ng'ombe wa kienyeji asivyogeuka kuwa wa Kizungu kwa kuhamishiwa Limuru.

Sababu ya pili ni hali ya hewa. Hata mbegu za ukoo mmoja hutofautiana. Joto kali na upepo mkavu wakati wa kukomaa huweza kuzikausha punje kwa haraka na kupunguza mafuta yake.

Sababu ya tatu ni siku ya kuvuna. Dania mbichi hunuka kama kunguni! Ikikomaa, harufu hiyo hupungua, na ile tamu, ambayo kiini chake wataalamu hukiita linaloli, huzidi. Mkulima aliyevuna kabla ya wakati kwa kuogopa mvua huuza kunguni pamoja na dania.

ILIKI YA USAMBARA

Sasa tuiache dania tutazame iliki tunayotia katika chai, kwa kuwa hii hulimwa karibu nasi, katika Tanzania. Asili yake ni misitu ya milima ya India ya kusini. Hupenda kivuli, mvua nyingi, na mwinuko wa kiasi cha mita 600 hadi 1,500. Hapa Nairobi tuko juu zaidi ya hapo, na mvua yetu haitoshi. Lakini katika milima ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, imepandwa chini ya miti ya msitu tangu utawala wa Wajerumani. Hata Guatemala, nchi ya mbali huko Amerika ya Kati, iliipokea mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi sasa imekuwa mstari wa mbele duniani kwa kuiuza.

Katika mafuta ya iliki mna vitu viwili vikuu. Kimoja kina ukali wa baridi, kama majani ya mkaratusi. Cha pili ni kitamu, kama maua. Iliki ya ukoo wa Malabar huwa na cha kwanza kwa wingi zaidi. Ile ya ukoo wa Mysore huzidi cha pili. Kwa hiyo majirani wawili huweza kununua iliki halisi, chai ya mmoja ikanukia maua na ya mwenziwe ikanukia dawa ya mafua, wala hapana aliyedanganywa.

Usambara inatufundisha jambo jingine. Baadhi ya wakulima walifyeka msitu chini ya miti na kupunguza miti yenyewe, na baada ya miaka kadhaa udongo ukachoka, mavuno yakapungua, wakatamani kufungua msitu mwingine. Kivuli kikiondoka, iliki nayo huondoka. Atunzaye msitu huitunza iliki yake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usichague dania kwa ukubwa wa punje. Omba punje kumi, ziponde kwa kijiko, unuse, kisha ndipo ununue.

2. Mwulize mwenye duka mzigo umetoka nchi gani. Ukibadilika, nawe badili kipimo chako.

3. Nunua mbegu nzima, usage zinazotosha siku ile tu. Iliki inunue ikiwa ndani ya maganda yake, maana ndiyo kopo lake la asili. Punje zilizomenywa hupoteza mafuta upesi.

4. Weka viungo katika kopo au chupa yenye kifuniko, mbali na jiko na jua. Nchi njema ikikupa harufu, karatasi iliyotoboka huimaliza.

Basi, siku pilau itakapokosa kunukia, usianze kwa kumshitaki mwenye duka mbele ya mtaa mzima. Anza kwa kuponda punje chache, unuse, kisha uende ukamwulize habari za mzigo wake. Wahenga walisema kweli: kuuliza si ujinga.