Kazi ya Kuondoa Matope

Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalipasua njia, yakafagia nyumba na watu. Wanakijiji walichimbua matope pamoja na Msalaba Mwekundu. Sisi wa Manyatta nasi twaishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa hiyo tujifunze kazi hii mapema.

Kabla ya kushika jembe, mwekeni mtu mmoja mahali pa juu, mwenye filimbi, autazame mlima. Huyo hachimbi, na asiitwe mvivu. Vaeni gambuti, maana matope huficha misumari na vioo. Aliyekatwa aende zahanati akadungwe sindano ya pepopunda. Maji ya kunywa yachemshwe hata yakionekana safi.

Tuonavyo sisi, kinachovunja timu si uchovu, ni chai. Mtu akijitolea wiki nzima, majani yake yanakomaa shambani na watoto wanangoja karo. Basi wanaobaki nyumbani wamchumie kwa zamu, na kilo ziandikwe kwa jina lake. Zamu hizo zipangwe kwenye mkutano wa Februari, kabla mvua ya masika haijaanza.