Afya ya Familia: Binti Aendapo Chuo Kikuu



Kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba, stendi ya Tarime na ile ya Mugumu hujaa vijana wenye masanduku, magodoro na ndoo. Wanakwenda vyuoni: Mwanza, Dodoma, Iringa, Dar es Salaam. Wazazi huwapa nauli, rozari na maneno ya kuagana: usome, usali, ujihadhari na ukimwi. Ni maneno mema. Lakini liko jambo ambalo wazazi wengi wa huku Bomani hatulisemi kwa sababu linatutia haya. Afanye nini mtoto wetu ikiwa huko chuoni mtu atamtaka kwa nguvu, au kwa vitisho, au kwa kumshikia alama zake za mtihani? Na sisi tutafanya nini siku akitupigia simu? Hilo ndilo somo la mwezi huu.

Tumelileta kwenye ukurasa wa afya kwa sababu sisi wauguzi hulipokea likiwa limekwisha kubadilika jina. Linakuja kama kichwa kisichoacha kuuma, tumbo linalosokota, kukosa usingizi, hedhi iliyopotea. Linakuja kama binti aliyerudi likizo amekonda na hataki kusikia habari za kurudi chuo. Mama anasema ni malaria. Kipimo hakionyeshi malaria.

Wasomaji wa rika letu watakumbuka habari ya Levina Mukasa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Siku zile palikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Punch. Walibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wasichana. Msichana aliyemkataa mwanamume aliweza kuamka asubuhi akakuta amechorwa ukutani pamoja na maneno ya aibu. Tena aliyeandikwa alitengwa, maana aliyeonekana akizungumza naye alihofia kuandikwa yeye kesho yake. Levina alisumbuliwa kwa namna hiyo, na tarehe 7 Februari 1990 alijiua.

Tunaomba mtazame jambo moja katika habari hiyo. Hapakuwa na siri. Maandishi yalikuwa mahali pa kupita watu, na watu walipita wakasoma. Wengi waliuita utani wa wanachuo, mazoea ya Mlimani. Kilichomwumiza binti yule hakikuwa wale waliochora peke yao, bali pia ukimya wa waliotazama.

Baada ya kifo chake, Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipigia kelele jambo hilo, na kelele za wanawake hazikukoma mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998. Sheria hiyo ilizidisha adhabu ya kubaka hata ikawa kifungo kisichopungua miaka 30. Tena ilitamka kwamba kumsumbua mtu kijinsia kwa maneno au kwa vitendo ni kosa la jinai. Basi msichana anayefuatwafuatwa na kutukanwa hasumbuki na utani. Anatendewa kosa linalojulikana na sheria.

Sasa tuje kwenye jambo linalosumbua zaidi siku hizi, yaani rushwa ya ngono. Wakatoliki hatuna haja ya kwenda mbali kulifahamu. Fungueni Kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, waamuzi wanaoheshimiwa, wanamkuta Susana peke yake bustanini. Wanamwambia akubali kulala nao, la sivyo watamshitaki kwamba amezini na kijana. Hawakuwa na kisu wala rungu. Silaha yao ilikuwa cheo, na imani kwamba watu wangewasadiki wao kuliko yeye. Na kweli watu waliwasadiki! Aliyemwokoa ni kijana Danieli, aliyefanya jambo jepesi ambalo hakuna mwingine aliyelifanya: aliuliza maswali. Aliwatenganisha wale wazee, akamhoji kila mmoja ni chini ya mti gani, nao wakataja miti tofauti.

Chuoni mti wenyewe ni alama. Mwalimu anamwambia mwanafunzi kwamba karatasi yake haionekani, au kwamba amefeli na atadisko, ila jambo linaweza kurekebishwa akija kwake jioni. Au alama za mazoezi hazibandikwi, na kila akiuliza anaambiwa aje peke yake. Msichana anafikiria ng'ombe waliouzwa ili asome, na wadogo zake wanaomtazamia. Hapo ndipo anapobanwa. Mwezi Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda Mlimani kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika waziwazi mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni pale. Baadaye TAKUKURU yenyewe ilifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na matokeo yakaonyesha kwamba tatizo lipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo.

Wapo watakaosema kwamba wasichana ndio wanaojipeleka, au kwamba ni mavazi. Sisi tuliofanya kazi wodini miaka mingi tumewahudumia bibi wa makamo aliyetoka shambani na mtoto wa chekechea mwenye sare yake. Mazungumzo ya mavazi hayajapata kutusaidia kumtibu hata mmoja.

Kinga ianze nyumbani, na sehemu yake kubwa ni fedha. Binti asiye na chakula wala mahali pa kulala ni rahisi kuviziwa. Mkopo wa Bodi ukichelewa, msiseme atajua mwenyewe. Tumeni hata debe la mahindi au fedha ya wiki moja, na mjue anakaa nyumba gani na nani. Akikosa nafasi hosteli akapanga chumba mtaani, mzazi mmoja aende akakione. Nauli ya kwenda Mwanza ni kubwa, tunajua, lakini ni ndogo kuliko gharama nyingine.

Mwambieni pia, kabla hajapanda basi, kwamba mwalimu akimwita ofisini jioni aende na mwenzake, na akiambiwa mwenzake abaki nje, naye abaki nje. Ujumbe wa simu usio na adabu asiufute, hata kama unamtia kichefuchefu, kwa maana ndio ushahidi. Aandike kwenye daftari siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa. Akidhani ameonewa katika alama, aombe kwa maandishi karatasi yake isahihishwe na mtu mwingine. Kisha awaambie watu wawili anaowaamini mapema, siyo baada ya muhula kwisha. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ipo kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 2021 Serikali imetoa mwongozo wa kuanzisha Madawati ya Jinsia katika vyuo, na binti aulize la chuo chake liko wapi katika wiki ya kwanza, kama anavyouliza maktaba. TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Na ndugu zake wa TMCS pamoja na padre mlezi wasiwe watu wa kukutana nao Jumapili tu.

Ikiwa msumbufu ni mtumishi wa Kanisa, utaratibu haubadiliki, wala asifichwe kwa sababu ya kanzu. Marehemu Papa Fransisko aliagiza mwaka 2019 kwamba kila jimbo liwe na njia ya kupokea malalamiko ya namna hiyo, yakiwemo ya watu wazima waliolazimishwa kwa vitisho au kwa matumizi mabaya ya mamlaka.

Na ikiwa baya limekwisha kutendeka? Hapa tunaomba msome polepole, ikiwezekana mkate ukurasa huu mkauweke.

Mtu aliyebakwa, awe msichana au mvulana, na hata kama aliyefanya ni mchumba wake, afike hospitali mara moja, wala asisubiri asubuhi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zikianzwa mapema humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Siku ya nne ni kuchelewa kwa dawa hizo, lakini si kuchelewa kwa matibabu mengine, kwa hiyo aje hata baada ya wiki. Atapimwa, atapewa dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo za pepopunda na homa ya ini akihitaji. Juu ya hofu ya mimba, aulize siku hiyo hiyo bila kuona haya, na daktari atamweleza.

Kabla ya kufika asioge, asijisafishe wala asifue nguo, ingawa kila kiungo cha mwili wake kitatamani maji. Nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevunyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri. Akiambiwa akaitafute kwanza, aombe kwa heshima kumwona mganga mfawidhi. Kwenye kituo cha polisi aulize Dawati la Jinsia na Watoto, na katika baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja.

Msimwulize kwa nini hakupiga kelele. Hofu kubwa humfanya mtu agande kama swala aliyemulikwa na taa za gari. Miguu haiendi na sauti haitoki. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, na si kukubali. Tunamheshimu Mtakatifu Maria Goretti, aliyeuawa mwaka 1902 akiwa na miaka 11, lakini jina lake lisitumiwe kumhukumu binti aliyebaki hai. Tunamshukuru Mungu kwamba yu hai.

Katika majuma yanayofuata mchungulieni usingizi wake na chakula chake. Akianza kugawa vitu vyake, au kusema kwamba yeye ni mzigo, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani; humfungulia mlango. Msimwache peke yake, na mleteni hospitali siku hiyo hiyo.

Huku kwetu Ukuryani kuna kikwazo kingine tusichoweza kukinyamazia, nacho ni mahari. Baba anaweza kuogopa kwamba habari ikijulikana ng'ombe watapungua, kwa hiyo wazee wanaitana, faini inalipwa, na neno linazikwa. Faini hiyo haimtibu binti, na mkosaji anarudi chuoni na wasichana wengine mbele yake. Kosa la kubaka ni la Mahakama, haliishi kwa kikao cha ukoo.

Neno kwa wazazi wa wavulana, maana waliochora kuta za Mlimani walikuwa na mama zao. Usiku wa Julai 13 mwaka 1991, kule Meru nchini Kenya, wavulana wa shule ya St. Kizito walivamia bweni la wasichana wa shule yao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Siku hizi ukuta wa kuchorea uko mfukoni, ndani ya simu. Mwulizeni kijana wenu, mkiwa mnakula, kuna picha gani zinazopita kwenye kundi la darasa lake, na yeye huzifanyia nini zikimfikia. Mkiona amenyamaza, endeleeni kuuliza.

Wenye binti au kijana anayeondoka mwezi huu, mwandikieni kwenye karatasi namba ya simu ya nyumbani, ya padre mlezi wa chuo, na 113. Simu huibiwa stendi. Karatasi ikae ndani ya kitabu cha sala.