DARSA: MAKOVU YA ALIYEJIJERUHI, NA HAKI YAKE JUU YETU

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Imetufikia barua kutoka Ronge, katika milima ya Taita, ya mama mmoja anayemlea binti wa marehemu dada yake. Anaeleza kwamba miaka miwili nyuma binti huyo alipatwa na dhiki kubwa ya moyo, akawa akijijeruhi mikono. Alitibiwa, akapata nafuu, na hata leo hajarejea. Lakini makovu yamebaki. Sasa pamekuja mchumba, na majirani wameanza kunong'ona. Mama huyu anauliza mambo manne. Je, udhu wa binti yake wasihi, pamoja na makovu hayo na mafuta anayoyapaka? Ayatunze vipi? Je, ni lazima mchumba aambiwe? Na awajibu nini wasemao kwamba mtoto huyu ana laana?

Masuala haya si ya nyumba moja ya Ronge. Yako Voi, yako Mombasa, yako Lamu, nayo hufichwa chini ya mikono ya kanzu na mabuibui. Kwa hivyo tumeona tuyajibu hapa ili yamfae kila mwenye haja nayo.

KWANZA: KITENDO NA MTU

Mwili ni amana, na kuujeruhi bila ya haki ni haramu. Hilo halina shaka. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kujiua nafsi zetu, na papo hapo akatukumbusha kuwa Yeye ni mwenye kuturehemu. Wengi wetu huisoma nusu ya kwanza kwa sauti kubwa, na ile ya pili tukaimeza.

Imam Muslim amepokea khabari ya mtu aliyehajiri Madina pamoja na Tufayl bin Amr. Mtu yule akaugua, akashindwa kuvumilia, akaijeruhi mikono yake, na akafa kwa hilo. Baadaye Tufayl akamuota yu katika hali njema, amesamehewa kwa ajili ya hijra yake, illa mikono yake ameifunika, kwani aliambiwa kuwa alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufayl akamsimulia Mtume (s.a.w.). Naye Mtume hakumlaani mtu yule. Alimwomba Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia.

Basi ikiwa Mtume ameiombea msamaha mikono ya aliyekwisha kufa, sisi tuna haki gani ya kuitusi mikono ya aliye hai, aliyetubia na akatibiwa? Tena matabibu wanatueleza kwamba wengi katika wajijeruhio hawakusudii kufa. Hutafuta kuituliza dhiki iliyowazidi nguvu, na mara nyingi mzizi wake ni maradhi. Mgonjwa hulaumiwa kwa kadiri ya akili na hiari aliyobaki nayo, na mwenye kuijua kadiri hiyo ni Mola wake peke yake.

PILI: TAHARA

Jeraha likiwa bichi, na maji yakiwa yanalidhuru, haijuzu kumlazimisha mtu kuliosha. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ataosha palipo pazima, na kwa ajili ya palipo na jeraha atatayamamu. Likiwa limefungwa bendeji isiyoweza kuondolewa bila ya madhara, atapangusa juu yake kwa maji pamoja na kutayamamu. Abu Daud amepokea khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa, akaambiwa na wenziwe kwamba hana ruhusa ya kutayamamu; akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakasirikia sana, akawafahamisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

Ama kovu lililokwisha kufunga, hilo ni ngozi kama ngozi nyingine. Huoshwa kama kawaida, na udhu wasihi bila ya wasiwasi wowote. Mafuta mepesi yaliyobakisha utelezi tu hayazuii maji. Lakini mafuta mgando yaliyoganda tabaka nzito yapanguswe kwanza, maji yapate kuifikia ngozi. Na yule aliyepewa na daktari kipande cha silikoni cha kubandika juu ya kovu, akibandue wakati wa udhu, kisha akirejeshe.

TATU: KUYATUNZA

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na kovu lina matibabu yake. Kovu jipya huwa jekundu au jeusi, tena gumu, na aghalabu huwasha. Hulainika na kufifia polepole, kwa muda wa mwaka mmoja hata miwili. Basi mwenyewe asikate tamaa kwa kulitazama kila siku kwenye kioo.

Likisha kufunga kabisa, lipakwe mafuta mgando na kusuguliwa taratibu kwa ncha ya kidole, mara mbili tatu kwa siku, kwani ngozi ya kovu hukauka upesi. Likingwe na jua kwa nguo au kwa mafuta ya kukinga jua. Kwani kovu changa likipigwa na jua huzidi weusi. Na anayeishi katika baridi ya Ronge asidhani kuwa jua la mlimani halichomi. Vipande na mafuta ya silikoni huyasaidia makovu yaliyoinuka.

Kuna kovu linaloota na kuvuka mpaka wa jeraha lenyewe. Hilo huitwa keloidi, nalo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kama sisi. Lisikatwe ovyo, kwani likikatwa bila ya matibabu mengine huweza kurudi kubwa kuliko kwanza. Apelekwe kwa daktari wa ngozi. Mara nyingi hutibiwa kwa sindano zinazopigwa ndani ya kovu lenyewe. Na tujihadhari na ndimu, dawa ya meno, na mafuta ya kujichubua yauzwayo mitaani. Hayo huunguza ngozi, na baadhi yake yana zebaki, nayo ni sumu.

NNE: MCHUMBA

Makovu si katika aibu ambazo kwazo ndoa huvunjwa katika sharia. Wala haimpasi mtu kufichua jambo lililopita ambalo Mwenyezi Mungu amemsitiri, bali yapendeza ajisitiri. Lakini kujisitiri ni mbali na uwongo. Akiulizwa waziwazi juu ya makovu, asibuni khabari ya kuanguka au ya panga la shambani. Amwambie: nilikuwa mgonjwa, nikatibiwa, alhamdulillahi.

Na lau maradhi yangalipo, nasaha yetu ni kwamba yeye mwenyewe, pamoja na mama yake mlezi, wamweleze mchumba kabla ya akdi, kwa kadiri ya haja. Mume ndiye atakayekuwa karibu naye usiku wa dhiki, naye hawezi kumsaidia kwa asilolijua. Akikataa, bora akatae leo kuliko kuacha baada ya nikaha. Akikubali, basi amekwisha onyesha tabia yake.

TANO: MAJIRANI

Aya za 11 na 12 za Sura ya Al-Hujurat zimekataza dharau, dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Na Imam Ahmad amepokea kwamba watu walipocheka wembamba wa miundi ya Ibn Masud, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kuwa katika mizani ya Kiyama miguu ile ni mizito kuliko mlima Uhudi. Basi usimuulize mtu kovu lake mbele ya watu, wala usimkunjue mkono wa nguo, wala usimtolee mwanao mfano wake. Na mwenye kudai laana kisha akauza hirizi, huyo anachuma kwa msiba wa mwenziwe. Tumsomee mgonjwa Qurani na tumuombee dua, na hospitali tumpeleke; hayo hayapingani.

SITA: DHIKI IKIRUDI

Kovu kufunga si dalili kwamba moyo umepona. Mama, ukimwona anajitenga, halali, au anasema kwamba maisha hayana maana, muulize kwa upole na usiogope. Kumuuliza hakumtii fikira hiyo kichwani. Viondoe vitu vya hatari karibu naye, usimwache peke yake, na mteremshe hospitali ya Mwatate au ile kubwa ya Voi. Kwa simu kuna nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo.

Jamaa wengi walikuwa wakificha wagonjwa kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hata miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi khofu hiyo isimzuie mzazi kumpeleka mwanawe kwa tabibu.

Nawe binti yetu, ukisomewa maneno haya, jua kwamba makovu hayo ni ya jeraha lililokwisha kufunga. Nyoosha mikono yako kwenye udhu na kwenye dua, wala usione haya mbele ya Mola wako.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiki.