Kwa nini ndama huyu ana chunjua na yule hana?

Mfugaji wa Masasi au Newala, ndama wawili wa zizi moja, mmoja kajaa chunjua shingoni, mwenzake ngozi safi: usimtafute mchawi, wala usimuuze kwa hasara. Chunjua huletwa na virusi vinavyopenya palipochubuka kwa mwiba, kupe, kamba, au kisu cha kukatia pembe kisichochemshwa. Ndama na mitamba chini ya miaka 2 ndio huugua zaidi. Ng'ombe mzima mara nyingi ameshajenga kinga. Nyingi hupukutika zenyewe baada ya miezi kadhaa. Mwenye chunjua za chuchu akamuliwe mwisho. Vinundu vikitokea ghafla mwili mzima pamoja na homa, huenda ni mapele ngozi: mtenge mnyama, mwite ofisa mifugo siku hiyohiyo.